Mwenye Mvua na Mwenye Kilima

Je, nguvu peke yake yatosha kumpa mwenye nayo haki ya kuabudiwa? Swali hili ni la kale sana, na kila taifa limelijibu kwa namna yake. Mtu humcha awezaye kumdhuru, humshukuru awezaye kumfaa. Na kwa kuwa aghalabu mwenye uwezo wa yote mawili ni mmoja, hofu na shukrani huchanganyika kifuani hata mtu mwenyewe asiweze kuzitenga. Hakuna kitu kinachodhihirisha mchanganyiko huo kuliko mvua. Mkulima huiomba ije, kisha huiomba iondoke. Ikikosekana ni njaa. Ikizidi ni gharika. Ikija kwa kadiri huitwa neema, na jina la balaa iliyopewa mwaka jana husahauliwa.

Insha hii yataka kulipima swali hilo kwa kumtazama Indra, mungu wa mvua na radi katika dini ya Wahindu, na kwa kukitazama kilima kimoja cha kwetu, kilima cha Wazo, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam. Vitu hivi viwili vyaonekana kuwa mbalimbali sana. Lakini katika hadithi za Indra mwenyewe kilima kina mahali pakubwa, na hapo ndipo swali letu lilipopata jibu lake la kwanza.

Indra ni mkubwa wa miungu katika Rigveda, mkusanyo wa kale kuliko yote wa nyimbo takatifu za Kihindu. Nyimbo zake ni 1,028, na karibu robo yake zamsifu yeye. Sifa kuu apewayo ni kwamba alimuua Vritra. Vritra lilikuwa joka lililojizungusha juu ya maji na kuyazuia, hata mito ikakosa njia. Indra alichukua silaha yake ya radi, iitwayo vajra, akalipasua joka hilo, na maji yakashuka kuelekea baharini. Yafaa msomaji aangalie maana iliyomo. Maji yalikuwapo, Indra hakuyaumba. Wala kosa la Vritra halikuwa kuwa na nguvu, maana Indra naye alikuwa nazo. Kosa lake lilikuwa kukizuia kilicho cha wote. Katika hadithi hii ya kwanza, basi, Indra astahili sifa kwa sababu alifungua kilichofungwa, na nguvu zake zapimwa kwa kazi zilizoifanya.

Mungu huyu si mgeni kabisa katika pwani hii. Wengi wa Wahindu waliofanya makao Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat, Kutch na Kathiawar, nchi ambazo mvua yake hunyesha kwa miezi michache tu, Juni hata Septemba, na riziki ya mwaka mzima huning'inia katika miezi hiyo. Baba zao walikuja kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, wakarudi kwa kusi. Na elimu ya hali ya hewa yatuonyesha kwamba kusi haifi ikiondoka kwetu. Huvuka ikweta ikiandama pwani ya Afrika Mashariki, hupinda karibu na Somalia, hukata bahari ya Arabuni huku ikizidi kubeba mvuke, kisha hufika India ya magharibi ikiwa ndiyo msimu wao wa mvua. Kwa hiyo mvua ambayo wazee wa Gujarat waliitazamia mawinguni ilikwisha kupita mbele ya milango yetu ikiwa bado ni upepo.

Wenyeji wa nchi hii nao walikuwa na jambo la namna hiyo. Wazaramo, ambao juu ya ardhi yao umejengwa mji wa Dar es Salaam, walipopatwa na ukame walipeleka ujumbe kwa Kolelo, aliyekuwa na pango lake katika milima ya Uluguru. Na Kolelo husimuliwa kuwa nyoka mkubwa. Tazama jinsi hadithi mbili hizi zinavyopishana. Kwa Wahindu nyoka huizuia mvua na mungu huikomboa kwa radi. Kwa Wazaramo na Waluguru nyoka ndiye aombwaye aitoe. Lakini chini ya zote mbili kuna ulizo moja: ni nani aliyeishika mvua, na afanyiwe nini ili aiachilie? Mtu akikaa sana na ulizo hilo hujikuta amekuwa kama mteja mbele ya mwenye duka. Huleta sadaka na kungoja mzigo wake.

Katika vitabu vilivyofuata Indra alishuka daraja. Alibaki kuwa mfalme wa mbinguni, amempanda ndovu wake mweupe Airavata, lakini akawa mfalme mwenye wivu juu ya kiti chake. Hadithi mashuhuri ya kushuka huko imo katika kitabu kiitwacho Bhagavata Purana. Wachungaji wa ng'ombe wa Vraja, karibu na Mathura, walikuwa wakitengeneza sadaka yao ya kumpa Indra. Krishna, ambaye alikuwa mtoto bado, alimwuliza Nanda, baba yake mlezi, sadaka hiyo ilikuwa ya nini. Nanda akajibu kama wazee wengi wajibuvyo: mvua ni ya Indra, sisi twaishi kwa mvua, na desturi hii tumeirithi. Krishna hakuridhika. Alisema kwamba kila kiumbe hupata hali yake kwa matendo yake, na kwamba mawingu hunyesha kwa kufuata maumbile. Akaendelea kusema kwamba wao hawakuwa watu wa miji wala wa mashamba, ila watu wa msitu na mlima. Basi sadaka ile na ielekezwe kwa ng'ombe, kwa makuhani, na kwa mlima wa Govardhan uliowalisha. Watu wakakubali. Vyakula vikapikwa kwa wingi, na Krishna akaagiza hata mbwa na watu waliodharauliwa wapewe fungu lao. Kisha wakauzunguka mlima kwa heshima.

Indra alighadhibika. Aliyafungulia mawingu ya maangamizi, akanyesha mvua na mawe ya barafu, akapiga radi mpaka nchi ya Vraja ikafunikwa na maji. Krishna akaung'oa mlima wa Govardhan akauinua kwa mkono mmoja, na watu pamoja na ng'ombe zao wakaingia chini yake wakakaa siku saba. Indra alipoona kwamba hasira yake haikufaa kitu aliyazuia mawingu, akaja kuomba radhi. Na Krishna akaurudisha mlima mahali pake. Siku hiyo hukumbukwa hata leo. Siku inayofuata Diwali, katika Oktoba au Novemba, wakati ambapo vuli huwa kwetu, vyakula hupangwa mahekaluni mfano wa mlima, na sikukuu hiyo huitwa Annakut.

Linganisha Indra wa hadithi ya kwanza na huyu wa pili. Wa kwanza aliyafungua maji ambayo joka liliyazuia. Wa pili anayatumia maji yale yale kuwaadhibu watu walioacha kumlipa. Silaha haikubadilika, wala nguvu haikupungua. Kilichobadilika ni kwamba mfunguaji sasa anadai ushuru mlangoni. Kwa neno moja, Indra amekuwa Vritra. Nadhani hili ndilo fundisho kubwa la hadithi zote mbili zikisomwa pamoja, na lafaa kwa serikali, kwa tajiri, na hata kwa baba wa nyumba kama lilivyofaa kwa mungu wa mawinguni. Wengi wamepata heshima kwa kuwafungulia watu njia, kisha wakaketi njiani.

Mwenye kufikiri sana ataleta pingamizi hapa, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: Majani ya Govardhan yaliota kwa nini, kama si kwa mvua? Chemchemi zake zilijazwa na nini? Je, kuushukuru mlima na kumwacha mwenye mvua si sawa na kuusifu mtungi na kukisahau kisima? Kwa waaminio Mungu mmoja pingamizi hili lina uzito zaidi, kwa kuwa wao hawakubali shukrani iishie kwa kiumbe chochote, kiwe wingu au kiwe mlima. Na Mwislamu asalipo sala ya kuomba mvua, au Mkristo aombapo kwa ajili ya mavuno, huelekea kwa Muumba wa vyote viwili.

Pingamizi hili lina majibu mawili. Kwanza, Krishna hakukana kwamba mvua ina faida. Alichokana ni kwamba faida yaweza kugeuzwa kuwa deni la hofu. Mtu alipaye kwa sababu ya kuogopa kupigwa hajashukuru bado. Amenunua usalama wake, na mwenye kununua hana wema wa kusifiwa. Anayemwamini Muumba hapotezi kitu akikubali neno hili, maana yeye naye hufundishwa kwamba ibada ya woga mtupu ni ibada ya mtumwa.

Pili, shukrani ya kweli hudai kazi. Mtu hawezi kulitengeneza wingu, wala kuifagia radi. Lakini mlima waweza kutunzwa, ng'ombe waweza kulishwa, na mbwa na mnyonge waweza kupewa fungu lao. Krishna aliihamisha sadaka kutoka mahali ambapo ilikuwa moshi tu, akaipeleka mahali ambapo iliweza kuwa chakula. Shukrani ikielekezwa kwa kilicho mbali peke yake ni rahisi mno, kwa kuwa haitugharimu zaidi ya maneno. Ikielekezwa kwa kilicho karibu, mara huuliza: je, umekitunza?

Na kuna hadithi nyingine inayolitia nguvu neno hili. Husimuliwa kwamba vajra, ile silaha ya radi, ilitengenezwa kwa mifupa ya mtawa mmoja jina lake Dadhichi, aliyekubali kuutoa uhai wake ili silaha ipatikane na Vritra ashindwe. Kwa hiyo hata ngurumo ya Indra, itishayo dunia nzima, ni mali ya kuazima. Nyuma yake yupo mtu aliyetoa mifupa yake. Mwenye kuabudu nguvu huiona radi tu, bali mwenye kushukuru humtafuta Dadhichi.

Sasa na tukitazame kilima cha kwetu. Wazo ni kata ya Kinondoni, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, karibu na Tegeta. Jina lake katika Kiswahili ni fikira, na kwa hakika kina mengi ya kumfikirisha mtu. Kilima chenyewe ni cha mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe; yaani kilikuwa mwamba wa baharini kabla ya kuwa kilima cha nchi kavu. Mwaka 1966 kiwanda cha saruji kilianza kazi hapo, cha kwanza katika nchi, na tangu mwaka huo kilima kimekuwa kikivunjwa, kikisagwa, kikichomwa na kutiwa mifukoni. Miji imejengwa kwa mifuko hiyo. Watu waliokaa katika nyumba za miti na udongo, ambazo ukuta wake ulilainika kila masika, walipata matofali, misingi na sakafu ngumu. Mtu wa Magomeni, wa Temeke au wa Mbagala asikiaye mvua ikipiga usiku na asiinuke kitandani kuushika ukuta wake, huyo yumo chini ya Govardhan. Kilima kimeinuliwa juu ya kichwa chake kidogo kidogo, mfuko baada ya mfuko, na aliyekiinua ni mchimbaji, mchomaji, dereva na fundi. Lakini mlima wa Krishna ulirudishwa mahali pake siku saba zilipokwisha, na wa kwetu haurudi.

Mvua nayo imekuja kupima nguvu za mwavuli huu. Kuanzia tarehe 20 Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam kwa wingi ambao wataalamu wa hali ya hewa walisema haukuonekana tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walikufa, na maelfu walikosa makao, hasa katika bonde la Msimbazi na mabonde mengine ya jiji. Wakati wa msiba kama huo neno lisikikalo kwanza ni kwamba hii ni kazi ya Mungu. Ni neno la unyenyekevu, na kwa mfiwa laweza kuwa faraja; hakuna haki ya kumnyang'anya. Lakini likitamkwa na asiyefiwa huweza kufanya kazi nyingine, kazi ya kuwaficha watu nyuma ya mawingu. Mvua haikuchagua maskini. Waliochagua ni bei ya viwanja, iliyowasukuma maskini mabondeni. Na taka zilizotupwa katika mifereji. Na macho yaliyotazama pembeni miaka mingi nyumba zilipokuwa zikisogea kwenye kingo za mto. Maji yalikuwa yakitafuta njia yao ya kale kuelekea baharini, na njia ilikuwa imezibwa. Katika gharika ile Vritra hakuwa mbinguni.

Mwanzoni mwa mwaka 2012 baadhi ya waliotolewa bondeni walipewa viwanja Mabwepande, upande ule ule wa kaskazini ulipo Wazo. Viwanja vilikuwa juu, na maji ya Msimbazi hayawezi kufika huko. Hata hivyo wako waliorudi bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini na nauli ya kuifuata kila siku ilikuwa nzito kuliko faida yake. Wengine waliwalaumu kwamba ni wakaidi. Msomaji wa hadithi ya Govardhan hatakuwa mwepesi wa kulaumu. Krishna aliuleta mlima juu ya watu pale pale walipokuwa, wao na ng'ombe zao, ambao ndio waliokuwa riziki yao. Sisi tuliwapeleka watu mlimani, tukaziacha ng'ombe zao bondeni. Kinga isiyomhifadhi mtu pamoja na kazi yake ni nusu ya kinga.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote, na wazee wa hadithi hawakuweza kulijua. Jiwe la chokaa halifanyiki saruji mpaka lichomwe katika tanuri lenye joto la yapata nyuzi 1,450 za Selsiasi. Na likichomwa hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile itokayo katika kuni au gesi au makaa ya tanuri lenyewe. Ukichukua hewa yote ya ukaa itolewayo na binadamu duniani, karibu asilimia 7 au 8 hutokana na saruji. Hewa hiyo huzidisha joto la dunia. Na kila joto lizidipo kwa nyuzi moja, anga huweza kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Anga lililobeba zaidi huweza kumwaga zaidi kwa mara moja. Haisemwi hapa kwamba mvua ya 2011 ilitoka katika moshi wa tanuri la Wazo. Afrika nzima haifikishi asilimia 5 ya hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma makaa, mafuta na gesi ulimwenguni, na haki yataka kila mtu abebe mzigo wake. Lakini jambo lenyewe laonekana wazi. Kile kile tukiinuacho juu ya vichwa vyetu ili kujikinga na mawingu kinayalisha mawingu. Indra na Govardhan, waliosimama zamani pande mbili za vita, wamekutana katika mfuko mmoja wa saruji.

Je, tuache kujenga? Hapana mwenye akili atakayemwambia mkazi wa nyumba ya udongo angojee masika akiwa na dhamiri safi na ukuta ulioanguka. Waliokwisha kujenga miji yao kwa milima yao, huko Ulaya na Marekani, hawana haki ya kumfundisha huyo kiasi. Ila sisi wenyewe tuna haki ya kujifundisha, na kipimo tunacho. Kitu kitupacho hifadhi chastahili maulizo matatu: kimetoka wapi, nani amekilipia, na kitarudishwa namna gani, kama si chenyewe basi mfano wake. Mwenye kuuliza hivyo hatamwaga saruji pale udongo na kivuli cha mti vinapotosha. Hataziba njia ya maji kwa ukuta na kuuita maendeleo. Hataliacha shimo la machimbo likiwa jeraha, kama kwamba kilima hakikuwahi kuwa na mwenyewe. Kuuliza huko ndiyo ibada ambayo Krishna aliwatakia wachungaji wa Vraja, nayo haihitaji mtu abadili dini yake.

Kwa hiyo swali tuliloanza nalo lina jibu. Nguvu peke yake haitoshi. Yastahili heshima ifunguapo kilicho cha wote, na huipoteza siku ikiketi mlangoni kudai ushuru. Hifadhi nayo yastahili shukrani, lakini shukrani isiyojua gharama hugeuka kuwa ulafi. Wachungaji wa Vraja walikaa siku saba chini ya mlima, na muda wote huo walijua ni mlima gani uliokuwa juu yao. Alalaye leo ndani ya kuta zilizotoka Wazo, asijue kwamba amelala ndani ya kilima, bado yumo katika ibada ya hofu: atamcha mwenye radi kila masika, na kilima chake atakila mpaka kiishe.